Jengo moja, mahali pamoja: kulinda nafasi ya modeli kati ya Revit na wingu

Asubuhi moja nilifungua modeli ya pamoja kwenye kivinjari, mradi wa jengo la ghorofa nne, nikaona kitu ambacho kwenye kompyuta yangu hakikuwepo. Nguzo na slabu zilikuwa mahali pake. Kuta pia. Lakini mabomba yote, ya maji safi na ya maji taka, yalikuwa yananing'inia hewani mita mia tatu na ushee upande wa kusini, kama kamba ya nguo iliyobaki baada ya nyumba kubomolewa. Nikarudi kwenye Revit, programu tunayochorea modeli za majengo, na kufungua modeli zilezile: mabomba ndani ya kuta, safi kabisa. Nikampigia mhandisi wa mabomba. Kwake nako kila kitu kilikuwa sawa.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Modeli yake niliiunganisha na yangu chimbuko kwa chimbuko, yaani sifuri ya faili yake juu ya sifuri ya faili yangu, njia ambayo haiulizi kabisa jengo liko wapi duniani. Wingu, yaani huduma ya mtandaoni inayokusanya modeli zote, liliuliza. Yeye namba zake za kiwanja alizichukua kwenye kipokezi cha GPS, mimi zangu nilizitoa kwenye ramani ya upimaji, na hatukuwahi kukaa kulinganisha. Tulipoteza siku mbili tukitafuta kosa kwenye programu. Kosa lilikuwa kwenye mazungumzo ambayo hatukuyafanya.

Hatua ninazoziandika hapa ni za Revit kwenye kompyuta ya mezani na Autodesk Construction Cloud kwenye mtandao, ambayo wengi bado wanaiita BIM 360. Anayetumia programu nyingine atakuta majina ya vitufe yamebadilika, lakini tatizo ni lilelile.

Maswali mawili yanayofanana kwa sura

Ndani ya Revit kuna nukta tatu, na fujo nyingi huanza pale watu wanapozichanganya.

Ya kwanza ni chimbuko la ndani, lililoandikwa "Internal Origin". Hili halihami. Limezaliwa na faili na litakufa na faili. Ya pili ni "Project Base Point", nukta ya msingi ya mradi, ambayo ni ya watu wa ofisini: kwa kawaida huwekwa kwenye makutano ya gridi A na gridi 1, ile mistari ya kupangia nguzo kwenye michoro. Ya tatu ni "Survey Point", nukta ya upimaji, na hii ndiyo inayoongea lugha ya mpima ardhi. Kupitia hiyo Revit hujua kwamba kona ya jengo lako iko mashariki kiasi fulani na kaskazini kiasi fulani kwenye ramani ya nchi. Mfumo huo wa namba za nje huitwa kodineti za pamoja.

Unapounganisha modeli moja ndani ya nyingine kwa "Auto - Internal Origin to Internal Origin", Revit inauliza: kutoka chimbuko la ndani, kitu hiki kiko wapi? Ukizipandisha modeli hizohizo mtandaoni na kuzifungua pamoja kwenye sehemu ya kuratibu modeli, zinapangwa kwa kodineti za pamoja. Yaani swali linakuwa: kutoka sifuri ya mpima ardhi, kitu hiki kiko wapi? Faili inaweza kuwa na jibu sahihi la swali la kwanza na jibu bovu la swali la pili. Kwenye kompyuta hutaona dalili yoyote, kwa sababu swali la pili halijaulizwa.

Kwa hiyo kuchagua swali moja na kulipuuza la pili hakusaidii. Modeli zote za mradi zikubaliane kwa maswali yote mawili, ili yeyote atakayeuliza, kwa programu yoyote, apate jibu lilelile.

Hatua ya 1: karatasi kabla ya kompyuta

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Kaa na mpima ardhi wa mradi, uso kwa uso au kwa simu, mwandike ukurasa mmoja. Usiridhike na faili ya mchoro, DWG, aliyotuma kwa barua pepe. Unachokitaka kwake ni majibu.

Muulize kwanza: namba hizi ni za mfumo gani? Tanzania na Kenya, ramani nyingi za upimaji zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo unaotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu na vipokezi vya GPS hutoa WGS 84. Zote zikiwa UTM, njia ya kuandika mahali kwa mita kwenye ramani iliyogawanywa kwa kanda, zina tarakimu sita za mashariki na saba za kaskazini, na kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi. Lakini kwa nukta ileile ya ardhi ya Dar es Salaam, WGS 84 itakupa namba ya kaskazini pungufu kwa karibu mita 300, na namba ya mashariki iliyozidi kwa chini kidogo ya mita 100. Hapo ndipo mabomba yangu yalipokwenda. Tanzania sasa ina pia mfumo wa TAREF11, kwa hiyo neno "UTM" peke yake si jibu. Andika jina kamili na, ikiwezekana, namba yake ya EPSG, orodha ya kimataifa ya mifumo ya kodineti: 21037 ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, 32737 ni WGS 84 kanda hiyohiyo.

Swali la pili ni kanda. Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mombasa na Nairobi ziko kanda ya 37 kusini. Dodoma na Mwanza ziko kanda ya 36 kusini. Mpaka wa kanda ni nyuzi 36 mashariki, na Dodoma iko kilomita thelathini hivi tu kutoka hapo, kwa hiyo mradi unaotoka Dodoma kwenda mashariki unaweza kuuvuka mpaka bila mtu kushtuka. Kampala iko kaskazini ya ikweta, na huko hesabu ya kaskazini huanza sifuri. Sisi wa kusini namba zetu zinahesabiwa kutoka milioni 10 kwenye ikweta na kushuka, ndiyo maana Dar es Salaam inasoma milioni 9 na laki mbili na kitu.

Swali la tatu ni mwinuko. Unapimwa kutoka usawa wa bahari, au ni namba ghafi ya GPS? Katika pwani yetu tofauti ya hivyo viwili inazidi mita 20, na upande wake ni wa ajabu: kipokezi kinaweza kukusomea namba hasi, kana kwamba uko chini ya bahari, nawe umesimama nchi kavu na viatu vikavu.

La nne husahaulika hata na wazoefu: umbali kati ya nukta zake ni umbali wa ardhini au wa kwenye gridi ya ramani? UTM huibana dunia kidogo. Kwenye mstari wa katikati wa kanda kipimo ni 0.9996, na Dar es Salaam iko karibu na mstari huo. Maana yake ni kwamba mita 100 za futi kamba saitini ni mita 99.96 kwenye ramani. Sentimita 4 si kitu kwa nyumba ya familia. Kwa ghala la mita 300 ni sentimita 12, na hapo boliti za nguzo za chuma hazitaingia. Mwombe mpima ardhi akupe namba alizokwisha kuzirudisha kwenye umbali wa ardhini, zikiwa zimeshikiliwa kwenye nukta moja mliyokubaliana, na aandike kwamba amefanya hivyo. Usithubutu kuikuza au kuipunguza modeli ili ifanane na ramani. Nondo zinakatwa kwa mita za kweli.

Mwisho wa kikao muwe na nukta mbili, si moja. Nitatumia namba nilizozitunga za kiwanja cha upande wa Magomeni:

Gridi A/1: mashariki 528412.350, kaskazini 9247865.120, sakafu ya chini mwinuko 18.250.
Gridi A/9: mashariki 528448.350, kaskazini 9247913.120.

Kutoka ya kwanza hadi ya pili tumekwenda mashariki mita 36 na kaskazini mita 48. Umbali ni mita 60 kamili, na lazima ulingane na umbali wa gridi 1 hadi 9 kwenye michoro ya msanifu. Kama haulingani, simama hapohapo. Kwa pembe, fungua Excel uandike =DEGREES(ATAN2(48,36)), itakupa 36.87. Huo ndio mgeuko wa jengo kutoka kaskazini ya ramani.

Hatua ya 2: faili moja yenye mamlaka

Tengeneza faili ya Revit isiyo na jengo. Iite faili ya kiwanja, au jina lolote, mradi kila mtu alijue. Ndani yake weka gridi, leveli (viwango vya sakafu) na hizo nukta mbili, basi. Awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuibadilisha. Wahandisi wanne wakiwa na ruhusa hiyo, kila mwamba ngoma atavutia kwake.

Chora gridi ukiwa umehakikisha makutano ya A/1 yamekaa juu ya chimbuko la ndani. Washa chimbuko hilo kwenye orodha ya vinavyoonekana ili ulione kwa macho. Jengo lichore limenyooka na karatasi, A/9 ikiwa wima juu ya A/1. Mgeuko wa nyuzi 36.87 utaushughulikia kwa namba, hutauchora.

Kisha nenda kwenye "Manage", "Coordinates", "Specify Coordinates at Point". Bonyeza makutano ya A/1. Jaza kaskazini, mashariki na mwinuko kutoka kwenye karatasi, na pembe ya kaskazini ya mradi hadi kaskazini ya kweli. Hapo kwenye pembe utaulizwa mashariki au magharibi, na nakwambia kwa uzoefu kwamba nusu ya watu hukosea. Usijisumbue kufikiri sana. Chagua mojawapo, kisha chukua kifaa cha "Spot Coordinate", ukiwa umekiweka kisome kutoka "Survey Point", na ubonyeze A/9. Ikisoma mashariki 528448.350, umepata. Ikisoma 528376.350, jengo limegeukia upande wa pili, rudi ubadilishe. Hii ndiyo faida ya kuwa na nukta mbili: ya kwanza unaiandika wewe, ya pili inakusahihisha.

Neno kuhusu DWG ya mpima ardhi. Mistari yake iko mamilioni ya mita kutoka sifuri, na Revit haitaki kuona umbo lililo mbali zaidi ya kilomita 16 kutoka chimbuko la ndani. Ukiliingiza kwa chimbuko, italalamika. Liunganishe katikati kwa katikati, hakikisha kipimo ni mita na si milimita, kisha lisogeze na kuligeuza mpaka bikoni zikae mahali pake. Mimi hulitumia kama picha ya kulinganishia tu. Kodineti nazichukua kwenye karatasi niliyoiandika na mtu, kwa sababu DWG ikikosewa haitakujibu ukiiuliza.

Hatua ya 3: wengine wapokee tu

Msanifu, mhandisi wa miundo, wa umeme na wa mabomba, kila mmoja anaanza hivi:

Fungua faili mpya. Unganisha faili ya kiwanja kwa "Auto - Internal Origin to Internal Origin". Ifunge kwa pini. Nakili gridi na leveli kwa "Copy/Monitor", ili zikibadilika upate taarifa. Kisha nenda "Manage", "Coordinates", "Acquire Coordinates" na ubonyeze faili ya kiwanja.

Kuanzia hapo modeli yako ina chimbuko la ndani lilelile na kodineti za pamoja zilezile. Sasa hata mtu akiziunganisha modeli kwa njia ya chimbuko au kwa njia ya kodineti, zitakaa palepale. Jaribu njia zote mbili kwenye faili ya majaribio. Zikipishana, usiendelee kuchora.

Kuna amri jirani, "Publish Coordinates", inayosukuma kodineti kutoka kwako kwenda kwenye faili nyingine. Isahau. Kodineti zitoke upande mmoja tu, kwenye faili ya kiwanja, na wengine wapokee.

Jihadhari na alama ya klipu kwenye nukta ya upimaji. Klipu ikiwa imefungwa na ukaisogeza nukta, umeuhamisha mfumo mzima wa kodineti. Klipu ikiwa wazi, umesogeza alama tu, kodineti zimebaki. Kijana wa mazoezi mwenye nia nzuri ya "kupanga panga" mwonekano anaweza kuhamisha mradi kwa sekunde moja na asijue. Ifunge pini nukta ya upimaji na nukta ya msingi katika kila faili, kisha uzizime zisionekane.

Hatua ya 4: alama ya kuonekana kwa macho

Kwenye kivinjari huoni kodineti kirahisi kama kwenye Revit. Unaona maumbo. Basi weka umbo.

Tengeneza piramidi ndogo iliyosimama kwa ncha, urefu mita 1, ncha ikiwa chini. Kila fani iwe na rangi yake: msanifu nyeupe, miundo nyekundu, umeme njano, mabomba bluu. Zipishanishe unene kidogo ili zisifichane, lakini ncha zote ziguse A/1 kwenye sakafu ya chini. Weka nyingine kwenye A/9. Moja haitoshi, kwa sababu modeli iliyozunguka kwenye A/1 itaonyesha ncha zimekutana huku jengo limekwenda upande.

Kila modeli ikipandishwa, mtu wa kwanza kuifungua mtandaoni aangalie hizo nukta mbili kabla ya kitu kingine. Rangi zote zikikutana kwenye ncha, endelea na kazi. Pia ziache kwenye utafutaji wa migongano, pale programu inapoorodhesha vitu vinavyoingiliana. Alama kugongana na alama ndio mgongano pekee unaonifurahisha, na siku ukikosekana kwenye orodha najua kuna mtu amesogea.

Hatua ya 5: kupandisha

Kulandanisha, au kusinki kama tunavyosema ofisini, hakumaanishi kuchapisha. Ukisinki modeli ya wingu, wenzako wenye Revit wanaona mabadiliko. Anayetazama kwenye kivinjari anaendelea kuona toleo la mwisho lililochapishwa, hata kama ni la wiki iliyopita. Nimeshuhudia watu wakirekebisha kodineti Jumanne, wakisinki, na Alhamisi wanagombana kwamba "wingu limekataa". Wingu lilikuwa halijaambiwa.

Angalia pia ni mwonekano gani uliouchagua kwenye mipangilio ya uchapishaji. Sehemu ya kuratibu huchukua mionekano ya pande tatu iliyomo kwenye orodha hiyo. Tengeneza mmoja, uupe jina moja kwa fani zote, na uhakikishe alama za hatua ya 4 hazijazimwa ndani yake. Modeli za kuunganishwa ndani ya Revit zichukue moja kwa moja kutoka Autodesk Docs, hifadhi ya faili ya wingu hilohilo, si nakala uliyoishusha kwenye desktopu siku ya uwasilishaji.

Hatua ya 6: wageni wanaokuja na IFC

Si kila mtu ana Revit. Mhandisi wa chuma atakuletea IFC, aina ya faili ya kubadilishana modeli kati ya programu tofauti, kutoka Tekla, mwingine kutoka Archicad. Hapa maswali mawili yanarudi kwa sura mpya, maana anayetoa IFC huchagua mwenyewe namba zihesabiwe kutoka wapi. Kwenye Revit mpangilio huo unaitwa "Coordinate Base", na una chaguo la kodineti za pamoja, nukta ya upimaji, nukta ya msingi na chimbuko la ndani. Watu wawili wakichagua tofauti, jengo moja litakuwa Magomeni na lingine karibu na sifuri, zaidi ya kilomita elfu tisa mbali.

Kuna shida nyingine iliyojificha kwenye namba kubwa. Vitazamaji vingi huchora kwa namba zenye tarakimu saba hivi za uhakika. Kwenye kaskazini ya milioni 9 na ushee, hatua ndogo kabisa ambayo namba ya aina hiyo inaweza kuitofautisha ni mita 1 nzima. Kwenye mashariki ya 528412 ni milimita 62.5. Bomba la milimita 110 litawezaje kuwa duara hapo? Litaonekana kama jani lililokunjwa, na ukilizungusha litatetemeka. Kitazamaji kizuri hukata namba kubwa kwanza kisha ndipo kichore, lakini usitegemee kwamba kila kimoja kitafanya hivyo.

Kwa IFC4 dawa ipo: umbo libaki karibu na sifuri, na mahali pake duniani paandikwe pembeni kwenye IfcMapConversion, yenye mashariki, kaskazini, mwinuko, mgeuko na hata kipimo. IFC2x3 haina kitu hicho. Kwa wanaoitumia, kubalianeni kwamba IFC zote zinatoka kwenye A/1, na ziwe na nafasi yake ya kuratibu mtandaoni, zikilinganishwa na IFC za Revit zilizotolewa kwa msingi huohuo. Usichanganye IFC ya namba ndogo na RVT, yaani faili ya Revit, ya kodineti za pamoja halafu ushangae. Anayetoa faili za Navisworks, programu ya kukagua modeli, naye ana swichi yake, "Shared" au "Project Internal". Iandikwe kwenye karatasi ya hatua ya 1.

Umbali wa kosa unakutajia kosa

Modeli zikipishana, usianze kuzisogeza kwa mkono. Kuna kitufe cha kufanya hivyo karibu kila mahali, na ndicho kinachoua miradi, kwa kuwa dalili inafichwa na ugonjwa unabaki. Pima kwanza umbali kati ya ncha mbili za alama, kisha usome namba.

Mita mia tatu na kidogo, kaskazini au kusini: Arc 1960 imechanganywa na WGS 84. Hakuna cha kutafuta kwenye kompyuta, mpigie mpima ardhi.

Maelfu ya kilomita, au modeli moja haionekani kabisa mpaka ukibonyeza "onyesha vyote" kila kitu kinageuka nukta mbili: mmoja ametoa kwa kodineti za pamoja, mwingine kwa chimbuko la ndani.

Wima tu, mita ishirini na kitu: mwinuko wa GPS dhidi ya usawa wa bahari. Wima tu, mita 18.250 kamili kwa mfano wetu: mtu ameacha sakafu ya chini kuwa sifuri na hakupokea mwinuko.

A/1 imekutana, A/9 imeachana: pembe. Zikiachana kwa mita 72, yaani mara mbili ya ile 36, pembe ni sahihi ila upande umegeuzwa.

A/1 imekutana, A/9 imepishana kwa karibu sentimita mbili na nusu: hiyo ni 0.9996 yetu, mtu ametumia umbali wa gridi badala ya wa ardhini.

Umbali usio na maana yoyote, kama mita 4.37 na milimita zake: mtu amesogeza kitu kwa mkono. Uliza nani, taratibu, bila ukali, maana ukiwa mkali hutaambiwa.

Kiwanja kikihama katikati ya mradi

Itatokea. Mpaka unapimwa upya, barabara inapanuliwa, jengo linasogezwa mita tatu nyuma. Kishawishi ni kuchagua kila kitu kwenye modeli na kukivuta. Ukifanya hivyo jengo litaondoka kwenye chimbuko la ndani, na kila fani italazimika kuvuta kiasi kilekile bila kukosea.

Jengo libaki lilipo ndani ya faili. Badilisha mahali pake duniani: mwenye faili ya kiwanja pekee arudie "Specify Coordinates at Point" pale A/1 kwa namba mpya, akague A/9, ahifadhi. Kila fani iondoe kiungo cha faili ya kiwanja, ikiunganishe upya chimbuko kwa chimbuko, na kuchukua kodineti tena. Halafu wote wachapishe siku moja. Wakichapisha kwa zamu, mtandaoni kutakuwa na nusu ya jengo kwenye mpaka wa zamani na nusu kwenye mpaka mpya, na ripoti ya migongano ya usiku huo itakuwa na kurasa nyingi kuliko mkataba. Karatasi ya hatua ya 1 iandikwe upya ikiwa na tarehe, na ile ya zamani ipigwe mstari lakini isitupwe, kwa sababu kuna fundi saitini ambaye bado anashika chapa ya mwezi uliopita na atataka kujua bikoni ipi ndiyo aipimie.